Jeneza Lililokaushwa Chaka

Kingori wa Chaka alitengeneza majeneza mazuri ambayo hayakukauka. Kosa halikuwa lake. Julai ya kwetu Kieni ni ukungu na manyunyu, na vanishi hukaa siku nne ikinata. Mwaka wa 1977, kule Endarasha, wabebaji wanne waligandwa na jeneza mikononi mbele ya kaburi, na mchungaji akalazimika kurefusha maombi mpaka wabanduliwe. Tangu hapo wateja wakahamia Nyeri mjini.

Mwaka uliofuata alinunua hita tatu kutoka kiwanda cha rangi kilichofungwa. Zilikuwa fupi, kama mkono mpaka kiwiko, zikiwaka nyekundu bila moshi. Tulizining'iniza darini kwa minyororo. Fundi wa umeme alituambia hazipashi hewa. Miale yake hupasha tu kitu kilicho mbele yake. Kweli tupu! Mimi, niliyepiga msasa hapo kwa miaka tisa, nilitetemeka kwa baridi hatua mbili tu kando, huku vanishi ikikauka kwa nusu saa.

Aliyeielewa sayansi hiyo kutuzidi sote ni mamake Kingori, Wachuka, ajuza wa miaka themanini. Karakana nzima ilikuwa na mahali pamoja penye joto, napo ni ndani ya jeneza. Akaingia.

"Mama, toka! Wenyewe wanakuja saa saba!"

"Ngoja mgongo ishike moto kwanza."

"Na wakikupata humo?"

"Kwani mimi ndio wa kwanza kulala kwa sanduku?"

Lilikuwa jeneza la marehemu Muriithi wa Wamagana, oda ya kwanza tangu aibu ile. Wateja hawa wangeondoka na hasira, Kingori angefunga karakana.

Wenyewe walifika saa sita. Mjane, Murugi, na mwanawe Mutahi, walimkuta bibi kizee ndani ya jeneza lao, akinywa chai.

"Ati nini?" Mutahi alifoka. "Mnatuuzia ikiwa na mtu tayari?"

Kingori alipiga magoti. Mimi nilijificha nyuma ya mbao, na sioni haya kusema hivyo.

Wachuka alimtazama mjane. "Mzee wako alikuwa anasikia baridi?"

Murugi alimsogelea. "Sana. Alikuwa analala na koti. Nilikuwa nalala upande ya dirisha nimkinge, na bado anatetemeka."

"Basi njoo ushike hapa."

Tulimshusha Wachuka. Murugi akaingiza mkono, akaugandamiza kwenye mbao pale mgongo wa Wachuka ulipokuwa. Machozi yakamtoka.

"Mutahi! Funika! Funika kabla haijapoa!"

Tukakimbia nalo, watu wazima, Kingori akilia nyuma yetu kwamba upande wa kushoto bado unanata. Hakuna aliyemsikiliza. Murugi alipanda nyuma ya pikapu, akavua shali yake, akalifunika jeneza, akalilalia kifudifudi. Kisha akagonga kioo cha dereva, akamwambia asisimame popote mpaka mochari.