Una Mfuko, Mama?

Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine yake, keshia wa kaunta ya tatu hugeuza kiti chake kidogo, kama upana wa kiganja, kielekee mlangoni. Jioni mfagiaji hukirudisha kinapotakiwa kuwa, na asubuhi yake yeye hukigeuza tena. Meneja aliwahi kumuuliza kama mgongo unamsumbua. "Kidogo," akajibu, na hakuwa amedanganya sana. Kuna kitu kilimuuma kweli, ila si mgongo.

Alikuwa anamngoja dada yake.

Mambo yalianza na tangazo lililobandikwa kwenye kioo cha mlango: kuanzia mwezi ujao, ili kulinda bahari, mfuko wa plastiki si wa bure tena. Bei yenyewe haikuzidi ya pipi mbili, lakini kwa jinsi watu walivyoipokea, ungedhani wameambiwa walipie hewa. Mzee mmoja mwenye koti refu alikataa katakata, akajaza viazi mifukoni mwa koti, akatoka akitembea kama bata. Fundi bomba alibeba mayai ndani ya kofia yake. Mwalimu mstaafu alikuja na foronya yenye maua, akaikunjua juu ya kaunta kwa heshima zote.

"Usinitazame hivyo, binti," akasema. "Mto wangu umekubali kulala uchi kwa ajili ya bahari."

Wengine hawakuwa na utani.

"Kwani samaki ndio walionituma dukani?" alifoka mama mmoja. "Jana bure, leo pesa. Kesho mtatutoza kwa kukanyaga sakafu!"

Waliotunga sheria walikuwa mbali, hawasikii. Aliyekaa karibu ndiye aliyefokewa. Watoto wa mtaa nao wakambatiza Bi Mfuko, wakawa wanamwimbia akipita.

Keshia si mtu wa maneno. Ni mtoto wa mwisho, sauti yake ndogo, na tangu utotoni alizoea kusemewa na mkubwa wake. Basi akajitafutia dawa: akaacha kutazama nyuso. Akawa anatazama mikono tu. Mikono inashusha vitu, yeye anavipitisha kwenye mashine, anauliza, "Una mfuko, mama?" au "Una mfuko, baba?", anapokea pesa, mikono inaondoka. Mikono haitukani. Siku zikawa nyepesi, na meneja akamsifu mbele ya wenzake kwamba foleni yake ndiyo inayokwenda haraka kuliko zote.

Mpaka Jumamosi ile.

Foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za sabuni. Mikono ikaweka juu ya kaunta unga, kiberiti na kopo la majani ya chai. Ilikuwa mikono myembamba, viungo vya vidole vimevimba, ngozi imesinyaa kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikakunjuliwa. Mikono ya mama mzee.

"Una mfuko, mama, au nikuuzie?"

Mikono haikusogea.

"Mama, una mfuko? Watu wanangoja."

"Mimi ndio mama?"

Sauti ile angeijua hata usingizini. Aliinua uso, na mbele yake alisimama dada yake, anamtazama kama mtu aliyebisha hodi kwao akaulizwa yeye ni nani. Kabla keshia hajainuka, dada aligeuka, akauacha unga, akaacha na kiberiti, akatoka. Droo ya pesa ilikuwa wazi na watu wamejaa. Keshia alipoweza kuifunga na kufika mlangoni, barabara ilikuwa imeshammeza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hufungwa kitambaa.

Mtu asiyewajua atashangaa neno dogo hivyo lilivyoweza kuuma. Lakini dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mdogo hajamaliza kuota meno, na mkubwa mwenyewe alikuwa msichana tu. Alimbeba mgongoni huku anakanyaga cherehani. Ndiyo maana hadi leo keshia hulala vizuri mahali palipo na mashine inayonguruma. Alimsomesha kwa kushona sare za watoto wa watu. Na hakumwita kwa jina lake hata siku moja. Alimwita Kitinda, yaani kitinda mimba, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye kazi na funguo za nyumba yake, aliitwa Kitinda kutoka ng'ambo ya barabara, mbele za watu, naye akaitika. Duniani hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Jumapili alikwenda kuomba radhi. Chumba kilikuwa kile kile: cherehani chini ya dirisha, vipande vya vitambaa sakafuni, pini zimechomekwa kwenye pazia. Dada yake aliinuka kumpokea.

"Karibu, mama."

"Dada, mimi nimekuja..."

"Keti, mama. Chai unakunywa na sukari?"

Alipewa kiti cha wateja. Chai ililetwa kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani, yeye ambaye maisha yake yote alikunywa kwenye kikombe cha bati kilichobonyea, amekaa sakafuni kati ya vitambaa, akigombezwa asimwagie nguo za watu.

"Dada, nisamehe. Sikukuona."

"Utanionaje, mama? Meneja yuko nyuma yako, watu wa maana wamepanga foleni. Fundi nguo na kandambili zake akijipitisha hapo, si heri usimwone?"

Hapo keshia akaelewa. Dada yake alidhani ameonewa aibu. Na jibu la kweli alikuwa nalo, limefika kwenye meno. Lakini utamwambiaje aliyekulea kwamba uliitazama mikono yake, ukaona ya mzee usiyemjua? Aliona afadhali adhaniwe ana kiburi kuliko dada yake asikie kutoka kwake kwamba amezeeka. Akanywa chai yake yote, akaaga. Alisindikizwa mpaka mlangoni, hatua moja zaidi hapana.

"Karibu tena, mama."

Watu, kama ilivyo kawaida yao, wakazoea. Foronya zikarudi vitandani, mzee wa viazi akanunua kikapu. Kisha mikoba ya kitambaa ikaanza kupita juu ya kaunta, imeungwa kwa vipande vya sare na mapazia ya zamani, mishikio yake imeshonwa msalaba, halafu msalaba mwingine juu yake. Keshia alipoiona ya kwanza, mkono ulimkwama hewani. Aliujua mshono ule kama mtu anavyojua mwandiko wa kwao. Mifuko ya sare yake ya shule ilishonwa hivyo, isichanike.

"Mkoba huu umeupata wapi, mwalimu?"

"Kwa fundi wa mtaa wa juu. Siku hizi ana foleni kuliko yenu! Ila usijaribu kuomba akupunguzie, utatoka mbio."

"Anaimba akishona?"

"Anaimba," mwalimu akasema, "Mungu amsamehe."

Keshia akacheka, akaupapasa mshono, akamrudishia mkoba. Tangu hapo, siku nzima kazi ya dada yake ilipita mbele yake ikining'inia mabegani mwa watu wengine. Hata yule mama aliyefoka habari za samaki alikuwa nao, wa milia. Angeweza kwenda kununua wake. Lakini anayekwenda kununua ni mteja, na mteja huitwa mama. Akarudia kutazama nyuso, watukane wasitukane, kila mlango ukifunguka.

Alhamisi moja aliyeingia alikuwa binti wa dada yake, muuguzi, amerudi nyumbani kwa likizo. Alipanga foleni kama wengine, mikono mitupu, hakununua kitu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Vidole tu. Kazi imekuwa nyingi, jioni analoweka mikono kwenye maji ya moto."

"Foleni, jamani!" akalalamika mtu nyuma. "Au mtasalimiana mpaka na marehemu?"

Keshia akafunga droo, akaweka kibao cha "Imefungwa", akainuka.

"Heh! Bi Mfuko leo kafunga na mdomo wa mfuko!"

Hakugeuka. Alimshika binti mkono, wakasimama pembeni, kwenye rafu ya mifagio.

"Mama hajui kama niko hapa," binti akasema. "Ukimuuliza, anasema hana habari na wewe. Lakini akisikia hatua nje, anasimamisha cherehani, anasikiliza. Zikipita, anaendelea. Nimechoka kuisikia ikisimama, mama mdogo. Nina swali moja tu, na jibu lako nitampelekea kama lilivyo, sitaongeza wala kupunguza. Siku ile, ulimwona ukajifanya humjui?"

Majibu mepesi yalikuwepo. Angeweza kusema kichwa kilimuuma, au taa zilimpiga machoni. Binti angeyapeleka, na dada yake angeyapokea kwa kisahani. Keshia alishika ukingo wa rafu.

"Hapana," akasema. "Niliona mikono imezeeka, nikamwita mama. Sikujua kama ni yake."