Daftari Nililokwenda Nalo Kuposa

Mtu wa umri wangu, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu saba na funguo za kabati la vitabu vya nyimbo, hapaswi kuwa na kisa kama hiki, lakini ninacho, na nusu ya mtaa wetu wa Kanyenye wanakijua, kwa hiyo ni afadhali mkisikie kwangu kuliko kwa jirani yangu Bwana Salum, ambaye kila akikisimulia anaongeza chumvi (mara ya mwisho alisema nilipiga magoti; sikupiga magoti, nilikaa vibaya tu).

Mimi ni mpenzi wa Wapagazi, timu yetu ya hapa Tabora. Jina hilo nalipenda kwa sababu babu yangu mwenyewe alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na mzigo begani na kurudi kwa miguu, na kila kambi waliyolala alifunga fundo moja kwenye kamba ili asisahau alikopita. Kuhesabu tumerithi. Mimi nilikuwa karani wa stesheni ya reli, kazi yangu ilikuwa kuandika treni iliyochelewa, imechelewa kwa muda gani na kwa nini, na ile iliyofika kwa wakati ilipigwa alama ndogo tu, haikuhitaji maelezo. Nilipostaafu, namshukuru Mungu kwa afya aliyonipa, mkono ulibaki na hamu ya kuandika. Nikanunua daftari nene lenye jalada jeusi, nikawa naketi jukwaani kila mechi ya nyumbani naandika: nani kapoteza mpira, dakika ya ngapi, kwa mguu gani.

Mambo yangeishia hapo kama nisingepiga simu redioni. Kuna kipindi cha michezo Jumatatu asubuhi kwenye redio ya hapa mjini, nikapiga siku moja, nikasoma takwimu zangu, mtangazaji akafurahi, akanibatiza jina la Mzee wa Daftari, na tangu hapo kila Jumatatu nilikuwa hewani kabla hata sijanywa uji. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Mtu niliyemwandika kuliko wote alikuwa beki wetu wa kushoto, jezi namba tatu, ambaye uwanja mzima unamwita Kisiki. Mwanzo wa msimu alikuwa hapitiki. Mwishoni akawa mzito, krosi zinapita, pasi zinakwenda kwa wapinzani, na mimi nikawa nasoma yote redioni, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu anayesoma matangazo ya ibada. Ikafika mahali Kisiki akipoteza mpira mashabiki wanapiga kelele, "Daftari! Daftari!" Mimi nikidhani ni heshima yangu hiyo.

Sasa, mtoto wa marehemu kaka yangu, Elia, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akapata mchumba mtaa wa Cheyo, binti anaitwa Neema. Kwa kuwa baba yake Elia hayupo, mimi ndiye baba, nikakubali kupeleka barua ya posa, na Bwana Salum akakubali kuwa mshenga mwenzangu kwa sababu ana maneno matamu ya ukoo wa wafanyabiashara wa Kiarabu (anaweza kukuuzia msumari uliopinda ukashukuru). Siku moja kabla, Elia alikuja kwangu, akasimama mlangoni.

"Baba mdogo, nakuomba kitu kimoja tu. Kule Cheyo, mpira usiuguse."

"Kwa nini?"

"Basi tu, Baba. Na daftari liache nyumbani."

Nikadhani labda ni watu wa sala sana wanaoona mpira ni mambo ya dunia, au ni mashabiki wa timu kubwa za Dar. Sikuuliza zaidi. Lakini Jumamosi ile ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, Wapagazi wanacheza ugenini saa kumi, wakifungwa wanashuka daraja, na sisi tulikuwa tunakwenda Cheyo saa nane. Nikasema moyoni, posa ni kazi ya saa moja tu, tukitoka tunapita dukani kwa Salum, tunasikiliza redio, nitaandika. Nikalitia daftari kwenye mfuko wa ndani wa koti. Uamuzi wenyewe ndio huo, ndugu zangu, mdogo kama punje ya mtama.

Tulipokelewa na Mzee Mihayo, baba mkubwa wa binti, ndiye aliyekuwa msemaji kwa kuwa baba wa binti naye ni marehemu. Akatukalisha sebuleni. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, wanasikia kila kitu na hawaonekani.

"Karibuni wageni," akasema. "Mmepotea njia, au mnaomba maji ya kunywa?"

"Hatukupotea, mzee wetu," Salum akajibu, "tulikuwa tunapita tukaona ua limechanua kwenye bustani yenu, tukasema tubishe hodi kabla hajatokea mpita njia mwingine."

"Maua hapa ni mengi, na yote yana miiba."

"Ndiyo maana tumemleta mzee huyu, vidole vyake vimekomaa."

Wakacheka hata nyuma ya pazia. Nikaitoa barua iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, nikaiweka kwenye sahani, Mzee Mihayo akaipitisha pembeni mwa pazia, mkono wenye bangili ukaipokea. Halafu tukaambiwa tusubiri.

Wanaoijua kazi ya ushenga wanaujua mtihani huo. Unasubirishwa makusudi, ili waone kama upande wenu una adabu. Chai inakuja, karanga zinakuja, jibu haliji. Saa ya ukutani ikasema tisa na nusu. Ikasema kumi kasoro robo. Mimi ninayewafundisha vijana wa darasa la ubatizo habari za subira, mguu wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka mpaka kikombe kinalia kwenye sahani yake. Ilipogonga kumi kamili moyo wangu ulikuwa uwanjani, kiwiliwili ndicho kilichobaki Cheyo.

"Naona unaangalia saa, mzee mwenzangu," akasema Mzee Mihayo. "Una safari?"

"Hapana, hapana. Ni kwamba Wapagazi wanaanza sasa hivi."

Salum akanikanyaga kiatu.

"Aa, kumbe mtu wa mpira! Unawaonaje?"

Mpenzi wa mpira akiulizwa anawaonaje, hiyo si salamu ya kupita, hiyo ni mimbari. Nilisahau Elia, nikasahau barua, nikasogea mbele ya kiti. "Tatizo letu liko kushoto," nikasema. "Tumefika hapa pa kushuka daraja kwa sababu ya mtu mmoja, yule namba tatu, Kisiki."

Mzee Mihayo akakohoa. "Ongeza chai, mzee."

"Chai ipo. Nakwambia yule amekwisha, hana pumzi, hageuki, heri wamemweka nje mechi hizi mbili za mwisho, wangemtoa mapema tusingekuwa na presha hii."

"Onja na karanga basi."

Nikadhani haamini. Nikaingiza mkono kotini, nikalitoa. (Salum anasema hapo alifumba macho.) "Si maneno matupu," nikasema, "ngoja nikusomee." Nikaanza: mechi ile ya mvua, kapoteza mpira mara saba, mechi iliyofuata, krosi mbili zimepita kwake, moja ikazaa bao. Nilisoma kwa sauti ileile ya redioni, nikageuza ukurasa, ndipo nikagundua kuwa vikombe vya chumba cha ndani vimenyamaza.

"Sauti hiyo naijua," mtu akasema nyuma ya pazia.

Pazia likafunguka, akatoka mama mtu mzima, amejifunga khanga kiunoni, barua yetu mkononi bado imo ndani ya kitambaa chake. Ndiye mama wa binti, Mama Shija.

"Wewe ndiye Daftari?" akauliza.

Na mimi, nisiyekuwa na akili, nikasimama nikatabasamu, nikidhani nimepata msikilizaji. "Ndiyo, mama. Ndimi."

"Basi mimi ndiye niliyemzaa namba tatu."

Nilitafuta kiti kwa nyuma, nikakikosa kidogo (ndipo Salum alipopata hayo magoti yake).

"Shija ni mtoto wangu wa kwanza," akasema, wala hakupandisha sauti, ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Nilikuwa jukwaani. Watu wanapiga kelele Daftari, Daftari, nikamuuliza mwenzangu ni nini hiyo, akaniambia kuna mzee redioni anaandika makosa ya Kisiki. Mwanangu akirudi nyumbani hali. Nikasema, mzee huyo siku moja Mungu atamleta mbele yangu. Sikujua kama angekuja na posa."

Wakati huohuo nyumba ya jirani wakapiga kelele kubwa, bao limeingia, la nani sikujua, na ninakiri mbele yenu kwamba hata katika aibu ile shingo yangu iligeuka dirishani.

"Usiulize," Salum akaninong'oneza.

Ndipo Kisiki mwenyewe akatoka chumbani. Goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji nene, anatembea kwa kushika ukuta. "Shikamooni wazee," akasema. Nikaitika marahaba kwa sauti ya kuku mgonjwa. Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Akakaa akasoma, ukurasa baada ya ukurasa, hana haraka, na mimi jasho linaingia kwenye kola.

"Hapa umekosea, mzee," akasema.

"Wapi, mwanangu?"

"Mechi ya mvua umeandika nilipoteza mipira saba. Ilikuwa tisa."

Salum akacheka, akajizuia. Shija naye akatabasamu kidogo, akaendelea. "Goti lilikuwa limevimba kama boga. Daktari alinikataza, mimi nikasema kushoto hakuna mwingine, nitacheza. Sawa, umeandika ulichokiona. Sasa nionyeshe ile niliyookoa, iko ukurasa gani?"

Nikalichukua daftari nikafunua. Nikafunua mbele, nikarudi nyuma, nikalowesha kidole nikafunua tena, ingawa nilijua. Msimu mzima yule kijana aliokoa mipira golini, alikaba mawinga wenye mbio, alipiga vichwa mpaka akashonwa juu ya jicho, na mimi nilikuwepo, nilipiga makofi kwa mikono hii hii. Sikuandika hata mmoja. Zilikuwa treni zilizofika kwa wakati.

"Haipo," nikasema.

Mama Shija akaweka barua kwenye sahani, akaisogeza kwangu, kisha akalichukua daftari akalikumbatia. "Barua inarudi ilivyokuja, hatukuifungua. Hili linabaki. Siku utakapoleta ukurasa wa alichookoa mwanangu, na uwe umeusoma kulekule ulikosomea mengine, tutaifungua."

Kwa desturi hatukuachiwa kuondoka bila kula, tukaaga saa ikikaribia kumi na mbili. Tulipofika kwenye geti nikasikia hatua za kuchechemea nyuma yetu, ni Shija. Nikajiandaa kwa neno zito.

"Moja moja, mzee," akasema. "Tumebaki."

Alisema tumebaki. Yeye ambaye tulimzomea.

Elia alikuwa anatungoja dukani kwa Salum, amevaa shati jipya. Nilimweleza yote, sikuficha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba mdogo, nilikuomba kitu kimoja," kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji na shati lake jipya. Akaniambia alinificha kwa sababu aliogopa, nikijua ni kwa Kisiki, nitakwenda na ushauri.

Wiki mbili nilizunguka mji huu kwa baiskeli. Niliuliza wanywa kahawa, niliuliza waokota mipira, lakini aliyenisaidia zaidi ni mama anayeuza karanga uwanjani, ambaye hukaa upande wa kushoto kwa ajili ya kivuli. Hajui kuandika takwimu, ila alikumbuka kila mpira. "Ule wa kichwa kwenye mstari wa goli, mzee umeusahau? Wewe si ulimwaga karanga zangu kwa kushangilia?" Ukurasa ukajaa, ukawa miwili, ukawa mitano. Jumatatu nikapiga simu redioni, nikasoma yote, nikasema na kosa langu kwa jina langu kamili. Mtangazaji akasema tuna matangazo ya biashara, nikamwambia subiri, sijamaliza.

Tuliporudi Cheyo na barua yetu, Mama Shija alinisomesha tena mwanzo hadi mwisho nikiwa nimesimama, na Mzee Mihayo akakatazwa kunipa chai mpaka nimalize. Kisha mama akafungua kitambaa cha barua.

Siku ya ndoa nilipewa kusoma neno, yale maneno ya mtume kuhusu upendo ambayo nimeyasoma kwenye harusi zaidi ya ninavyokumbuka, bila kuangalia kitabu. Nikafika pale panaposema upendo hauweki hesabu ya mabaya. Benchi la mbele, mama mmoja akakohoa. Nikapoteza mstari. Shija, aliyekaa kando yake na fimbo ya kutembelea, akainama kuficha uso, mabega yanacheka, na mimi mbele ya kanisa zima nikalazimika kuusoma mstari ule mara ya pili.

Daftari bado analo Mama Shija, sijaliomba wala sitaliomba. Nimenunua jingine. Kila ukurasa nimeukunja katikati, kushoto naandika yaliyoharibika na kulia yaliyookolewa, na nimejiwekea nadhiri kwamba kushoto hakusomwi kwa mtu yeyote kabla kulia hakujajaa. Redioni wananiuliza mbona siku hizi Mzee wa Daftari hapigi simu. Bado najaza kulia.