Mama Aliyemsifu Binti Yake

Mwezi uliopita nilimkalimania mama mmoja Mrundi katika ofisi fulani hapa Houston. Alikuwa anamwombea posho ya serikali binti yake mlemavu wa miaka tisa. Mapokezini nilimwona akimlisha uji kwa kijiko, kisha akimbeba kwenda chooni.

Tukaitwa. Ofisa akauliza, "Anaweza kula mwenyewe?"

"Anakula vizuri, Mungu ni mwema," mama akajibu, huku akimfuta mtoto udenda kwa ncha ya kitenge.

"Na kutembea?"

"Anajitahidi sana. Mungu akipenda, mwaka huu atatembea."

Nikatafsiri neno kwa neno, maana mkalimani haruhusiwi kuongeza lake.

Kwetu mzazi hamsemi mwanawe vibaya mbele ya mgeni. Huku posho anapewa anayetaja yote ambayo mwanawe hawezi. Ningeweza kumwambia hayo mapokezini. Nilikuwa na nusu saa nzima, nikaimalizia kwenye simu.

Tulipotoka akaniuliza, "Dada, nimemsemea vizuri mtoto wangu?"

"Vizuri sana, mama."

Jana kanipigia nimsomee barua ya jibu. Inasema mtoto anajimudu, kwa hiyo hastahili. Nayo nikaitafsiri neno kwa neno.