Papa Aliyekaa Nje ya Kanisa

Enzi zetu kule Lusangi, Jumapili ilianza Jumamosi mchana. Ninyi wa rika langu mnakumbuka: maji ya mtoni, visigino kusuguliwa kwa jiwe mpaka unalia, kisha pasi ya makaa inapita juu ya lile gauni moja la kanisa huku Mama akipuliza majivu yasidondoke. Sisi wasichana tulikuwa tumetoka kucheza nzango, kupiga makofi na kurusha miguu uwanjani mpaka vumbi limetubadilisha rangi. Mama alituangalia akasema, "Mungu atawajua kweli na uchafu huu?" Asubuhi tulipakwa mafuta ya mawese miguuni tukang'aa kama tumekaangwa. Watoto wa leo wana losheni za kila namna, na bado wanafika ibada imekwisha.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nyuma ya kanisa. Katekista akiigonga, kijiji kizima kilijua, Wakristo na Waislamu. Mama Riziki, jirani yetu Mwislamu, alituhimiza kuliko hata wazazi wetu: "Enyi watoto, kengele imelia, bado munatafuna?" Siku ya Idi tulikula kwao. Noeli wao walikula kwetu, na kuku wetu alichinjwa na mume wake, Papa Ramazani, ili sahani iwe ya wote.

Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Papa, baba yetu, alimpeleka kila Jumapili kwa baiskeli, sisi tukiiita kinga, Mama amekaa nyuma katika kitenge chake kizuri, sisi tunakimbia kando. Lakini wakifika, Papa haingii. Aliegemeza kinga ukutani, akakaa chini ya dirisha, akaanza kushughulika na mnyororo, hata kama mnyororo wenyewe haukuwa na shida yoyote. Ibada ikiisha anampakia mke wake, wanarudi.

Niliona aibu. Wenzangu waliniuliza kama papa yangu ni mpagani. Siku moja tukitwanga sombe, majani ya muhogo, nikamuuliza Mama.

"Mama, kwa nini Papa haingie?"

Aliendelea kutwanga kwanza. Kisha akaniambia kwamba Papa alipokuwa kijana, bado hajabatizwa, mama yake aliugua, naye akapiga magoti kanisani tangu asubuhi hadi jua kuzama, akimwomba Mungu amwachie. Aliporudi nyumbani alikuta watu wanalia.

"Tangu pale iko na hasira na Mungu," Mama alisema. "Mimi simusukume. Mutu anayemukasirikia Mungu, bado anajua Mungu iko."

Kisha vita vikaja. Tulikimbia na kile tulichoweza kubeba, sisi na jamaa ya Papa Ramazani, tukapita njia za porini hadi upande wa Kabambare, mbele ya kijiji cha Wamaza. Katekista alikimbilia upande mwingine. Tulikula muhogo mbichi bila chumvi. Mama mdogo Feza, mdogo wake Mama, alikuwa na mtoto mchanga, Baraka, aliyeshikwa na homa kule msituni. Dawa hatukuwa nayo. Tulimwombea wote, kila mtu kwa namna yake. Asubuhi moja Baraka hakuamka.

Papa na Papa Ramazani walichimba kaburi. Lilipokuwa tayari, tukasimama tukiangaliana, kwa maana hapakuwa na wa kutuongoza. Mama akaanza wimbo. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha akaacha, akafunika uso kwa kitenge. Feza alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma.

"Musimuzike mutoto wangu kama kuku!" akalia. "Simutoe! Simutoe bila maombi!"

Ndipo Papa akaweka jembe chini. Akasafisha koo, akauchukua wimbo pale Mama alipouacha. Sauti yake ilikuwa nzito, haikuwa nzuri, lakini maneno yalikuwa yote. Akaimba ubeti wa pili, akaimba wa tatu. Kisha akasema sala ya maziko kama Katekista alivyoisema siku zote, na pale Katekista alipozoea kuvuta pumzi, Papa naye akavuta. Miaka yote ile chini ya dirisha alikuwa akisikiliza! Mwishoni akaongeza ya kwake, ameinamisha kichwa:

"Mungu, mimi na wewe tuko na maneno yetu, na hayajaisha. Lakini mutoto huyu hana kosa. Mupokee."

Papa Ramazani alikuwa amekunjua viganja vyake. "Amina," akasema. Feza akasogea taratibu, akamkabidhi Papa mtoto.

Tuliporudi Lusangi tulikuta kanisa limebaki kuta. Watu walileta miti na majani, wakaliezeka upya. Jumapili ya kwanza nilivaa haraka ili nimwone Papa akiingia, maana sasa nilikuwa na uhakika. Akatufikisha, akaegemeza kinga, akakaa nje. Nililia kwa hasira. Mama, badala ya kunionea huruma, akacheka.

"Zamani alikaa kwa dirisha," aliniambia. "Leo iko kwa mulango. Angalia vizuri, mutu huyu anatembea."

Alitembea polepole mno. Mimi niliolewa Kasongo, nikazaa, na kila niliporudi kusalimia nilimkuta palepale mlangoni. Kisha macho ya Mama yakaingia ukungu. Jumapili moja akajikwaa kizingitini mbele ya Papa. Papa akainuka, akamshika mkono, akampeleka mpaka benchi la mbele, akamkalisha. Kisha akakaa karibu naye. Watu waliacha kuimba kwa mshangao, mpaka Mama mwenyewe akaanza upya.

"Papa, leo umeingia!" Katekista alimwambia baadaye.

"Nikikaa kule, nani atamushika mama huyu mkono?" akajibu, kana kwamba hakuna jingine la kueleza.

Lakini wiki ile ile alijiandikisha mafundisho ya ubatizo. Alikaa na watoto kwenye viti vyao vifupi, magoti yakigusa kidevu. Siku za kwanza walimcheka. Baadaye walikuwa wakimnong'oneza awape jibu. Alibatizwa kichwa cheupe kama pamba, na Mama Riziki alikaanga mandazi ya kutosha mtaa mzima.

Kumbe safari ilikuwa bado. Feza alibaki kuishi Wamaza, na tangu msituni hakuwa amesali tena. Papa akaanza kwenda kumwona, mara kwa pikipiki, mara kwa miguu. Nilimsindikiza safari moja nikitarajia mahubiri. Papa alikaa tu, akamenya karanga naye, akampa habari za Lusangi, nani amezaa, mbuzi wa nani wamekula mpunga wa nani. Tulipoinuka kuondoka akamwambia, "Feza, mimi ilinichukua maisha yangu yote. Wewe chukua wakati wako. Nitarudi tena." Akarudi, akarudi tena. Hatimaye siku moja akamkuta Feza akiosha sufuria huku akiimba ule wimbo wa msituni. Papa aliniambia hakumsalimu hata. Alikaa kando yake, akaitikia.

Leo Papa na Mama wote wametutoka. Hapa Kasongo makanisa yana mabati na spika kubwa kuliko mlango. Jenereta ikizima, na kwaya inazima. Kijana anaokoka Ijumaa, Jumapili anatufundisha sisi mashangazi zake namna ya kusali. Ninacheka, na ninafurahi wanavyoimba. Ila ninakumbuka kwa uchungu mtamu kile kijiji kilichoweza kumngoja mtu miaka na miaka bila kumpa jina baya.

Mwanangu mkubwa siku hizi haendi kanisani. Tangu amzike rafiki yake haniambii anawaza nini, naye hujifunika shuka kengele ikilia. Majirani wananiambia nimkemee. Jumapili iliyopita nilimwachia chai kwenye themosi, nikamwambia, "Mwanangu, ninakwenda." Nilipofika nikakaa mwisho wa benchi, kisha nikasogea kidogo, ili pabaki nafasi ya mtu mmoja.