Chupa ya Kulwa na chupa ya Doto

Jamani mlioko machimboni Geita, leo kidole changu kimeota kinundu kilekile ninachokiona kwa panya!

Mnajua kazi yangu hapa Shinyanga. Nawapaka panya lami mgongoni mpaka waote saratani ya ngozi, ili Bwana Daktari aijaribu dawa yake. (Napaka kwa mikono mitupu. Ndiyo, nichekeni.)

Masanduku ni mawili, nimeyaita Kulwa na Doto.

Panya wa Kulwa wanapewa dawa: tone la lami kwenye ndoo ya maji, tone la maji hayo kwenye ndoo nyingine, hadi ndoo ya saba. "Masanja, dawa ya moto ni moto," husema Bwana Daktari.

Panya wa Doto wanapewa maji matupu. Kila sanduku lina chupa yake, yenye karatasi ya jina.

Leo nikamwonyesha kidole. Akacheka kidogo.

"Kunywa ya Kulwa."

Karatasi zilikuwa zimebanduka kwenye chupa zote mbili. Nikanusa, nikaonja. Maji na maji.

Nikatazama masanduku. Vinundu huku, vinundu kule.

"Bwana Daktari, ya Kulwa ni ipi?"

Akaziinua chupa dirishani, akazigeuzageuza.

Mpaka sasa bado anazigeuza, na kidole kinawasha.

Ninyi mngekunywa ipi?