Mota Iliyoshiba Grisi

Mageni alikulia kwenye boma la ng'ombe nje kidogo ya Kharumwa, akaolewa Shinyanga mjini, na huko akapata kazi ya kufagia kiwanda cha kuchambua pamba. Huenda angefagia mpaka leo kama mzee Bujiku asingemwona siku moja amesimama mbele ya feni kubwa, ufagio mkononi, akiisikiliza.

Feni hiyo ndiyo iliyokuwa ikifyonza vumbi la pamba lisiwajae watu vifuani. Bujiku alikuwa mtunzaji wake tangu ujana. Akamfundisha Mageni kazi yote, na akamwachia neno moja la kushika, akimwita mama kwa Kisukuma: "Chuma nacho kinakula, mayu. Ukikinyima, kinakufa." Alipostaafu akamkabidhi bomba la grisi likiwa limefungwa kwenye kitambaa safi, kama mtu anayekabidhi mkuki wa ukoo.

Basi Mageni akailisha mota ya ile feni. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajavaa aproni, alikuwa ameshapampu grisi mpaka mkono umechoka. Watu walizoea kumtania, "Mama Limi, mota yako inanenepa!" Naye alicheka, kwa kuwa aliona fahari.

Msimu huu pamba ilikuja nyingi. Siku moja Mageni alipoweka kiganja juu ya mota, akakiondoa haraka. Ilikuwa inachoma. Akaongeza grisi. Kesho yake joto likazidi, akaongeza tena. Siku iliyofuata harufu ya kuungua ikaanza kusikika, na kabla ya chakula cha mchana swichi ikajikata yenyewe. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Vumbi likatanda ukumbini kama ukungu. Kina mama wakajifunga khanga mdomoni, mwisho wakatoka nje wakikohoa. Mashine zikazimwa. Malori ya pamba yakaanza kupangana nje ya geti.

Savita, aliyekuwa akiendesha kiwanda hicho cha familia yao, akaja mbio kutoka ofisini. Alizaliwa Shinyanga hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisukuma zaidi kuliko cha wafanyakazi wengine.

"Mama Limi, kuna nini?"

"Mota ina homa, Mama Dhaval. Nimeilisha, nimeilisha, haiponi."

Akaitwa Kalisti, fundi umeme mwenye karakana ng'ambo ya reli. Kalisti akazima umeme kwenye swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, funguo akatia mfukoni. Akapima nyaya huku Mageni amesimama pembeni, mikono kifuani.

"Koili ni nzima," akasema hatimaye. Mageni akashusha pumzi. "Grisi unatia mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Sijaruka hata siku moja."

"Na ile ya zamani inatolewa wapi?"

Mageni akaigeukia mota. Miaka yote hiyo alikuwa akiingiza tu. Hakuwahi kujiuliza inakwenda wapi.

Wakafungua kifuniko. Ndani grisi ilikuwa imeshindiliwa, nyeusi kama lami, hata beringi zenyewe hazionekani. Chini kulikuwa na kizibo cha kutolea grisi kuukuu, kimepakwa rangi juu ya rangi mpaka kimefanana na mwili wa mota. Na nyuma, pale mota inapovutia hewa ya kujipoza, nyuzi za pamba zilikuwa zimejaa kama godoro.

"Unaona?" Kalisti akasema. "Beringi inakoroga shehena yote hii kila inapozunguka. Hata wewe, ukisonga ugali mzito kutwa nzima, utatoka jasho. Halafu juu yake imevishwa blanketi."

Mageni akaketi juu ya robota la pamba. "Kumbe mgonjwa nilimuua kwa dawa," akasema kwa sauti ndogo. Akamgeukia Savita. "Mama Dhaval, kosa ni langu."

Savita akachungulia ile grisi kwa muda, akakunja mikono ya gauni lake. "Bado haijafa. Mafuta ya taa yako wapi?"

Wakaosha wote watatu. Beringi moja ilikuwa imebadilika rangi kwa joto, ikaletwa mpya. Mageni akazing'oa zile nyuzi moja moja kwa brashi. Kisha Kalisti akamwonyesha: futa chuchu ya kuingizia grisi, fungua kizibo cha chini, pampu kidogo, iache mota izunguke kizibo kikiwa wazi mpaka iliyozidi itoke, ndipo ufunge. Na si kila asubuhi. Mageni alipoambiwa "Basi, inatosha," mkono wake uligoma kuacha. Hilo ndilo lililomwia gumu kuliko kazi yote.

Feni ikawaka. Vumbi likaanza kuvutwa, na jioni ile mota ilikuwa na uvuguvugu tu.

Jumapili, baada ya kanisa, akaenda mtaa wa Ibinzamata kwa mzee Bujiku. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kusema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Mota yetu haijambo?"

Akamweleza yote.

"Kile kizibo nilikipaka rangi mwenyewe," mzee akasema. "Mota nilizojifunzia zilikuwa na vikombe vya mafuta. Yakizidi, yanamwagika yenyewe. Zilipokuja hizi, hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilikuwa fundi, nitaulizaje?" Akatikisa kichwa, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Mageni naye akacheka. "Kesho nakuja kukiona hicho kizibo."

Na kweli alikuja, amevaa koti lake la sherehe. Mageni akazima umeme, akampa spana, na mzee akapiga magoti akakifungua mwenyewe.

Msimu ulipokwisha, Ndaki, kaka yake Mageni mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule kwao Kharumwa, akapiga simu. Feni inayowapulizia hewa wachimbaji chini ilikuwa inachemka.

"Mnaifanyaje?" Mageni akauliza.

"Tunaijaza grisi, dada. Ya kutosha kabisa!"

"Watu wote watoke chini, sasa hivi. Izimeni. Nakuja kesho."

Akapanda basi la asubuhi kupitia Kahama, akiwa na spana, brashi na mafuta ya taa ndani ya kikapu. Alipofika, wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya magunia ya mawe, wakimtazama. Mageni akawasalimu, akaizunguka ile mota mara moja, akainama kutazama chini yake.

"Nani atakuwa mtunzaji?" akauliza.

Wanaume wakatazamana. Agnetha, mpishi wao, akaweka mwiko chini, akajifuta mikono.

"Mimi hapa."

"Haya, sogea," Mageni akasema. "Tunaanza kwa kutoa."