Kidole cha Matone

Mdogo wangu tulimwita Matone, maana tangu apate kibarua kwenye maabara moja hakuwa na hadithi nyingine ila ya matone. Alichota tope kwenye mtaro wa machinjio, akalipitisha kwenye kipande cha kioo chenye vijia vyembamba kuliko unywele. Humo maji yalikutana na mafuta, yakakatika matone matone, kila tone na bakteria wake mmoja. Bakteria mwenye kimeng'enya cha kuyeyusha nyama na damu, tone lake liling'aa, na mashine ikalisukuma pembeni. Kiwanda cha sabuni kilimsubiri huyo kwa hamu. Mkuu wa maabara aliahidi: akipatikana, Matone anapewa ajira ya kudumu. Mke wa Matone ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, kwa hiyo ahadi ile mdogo wangu aliimeza nzima nzima.

Siku moja mfupa ulimkwaruza mtaroni. Kidole cha shahada kikavimba. Akakifunga plasta, akavaa glavu, akanyamaza, maana mgonjwa haruhusiwi kugusa sampuli.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamwambia.

"Dada, wewe na methali zako."

Wiki iliyofuata matone yakang'aa kupita kiasi. Maabara nzima ikashangilia. Wakarudi mtaroni kuchota tope jingine: giza tupu. Walichota tena na tena, wapi. Mkuu si mjinga. Alimwita Matone akamwambia avue glavu. Ilikuwa imetoboka, na ncha yake imelowa usaha.

Mdogo wangu alijua amefukuzwa.

"Umeshaanza dawa?" mkuu akauliza.

"Bado. Nimeandikiwa leo."

"Basi usinywe kwanza. Bakteria wa kidole chako tulionao wanakufa kwenye chupa. Wiki hii tutachukua usaha kila asubuhi. Ajira yako nitaishughulikia mwenyewe."

Akaja nyumbani amejaa fahari. "Dada, mimi ndiye mtaro."

Nilimwita mpumbavu mbele ya mke wake, na sijutii. Akajibu kuwa vidole anavyo kumi, ajira hana hata moja.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, akakatwa vidole viwili. Siku ya kukatwa, mjumbe wa maabara alifika hospitali. Nilidhani kaleta matunda. Alileta boksi la barafu, akauliza vidole viko wapi.

Matone aliporudi kazini, mkono ulishindwa kushika mirija. Mkuu akamweleza kwa upole kabisa kwamba kazi ile inataka mikono mizima. Bakteria wake wamebaki, wana friji yao na jenereta yao.

Sabuni imeshafika madukani. Mke wa Matone aliinunua bila kujua ilikotoka, akaisifu inavyotoa madoa ya damu. Siku hizi Matone mwenyewe ndiye anayefua pale nyumbani, na mimi hupita kumsaidia kukamua, kwa sababu mkono wake haukazi.